Mafuta ya Boti Huishia Kwenye Wimbi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na daftari la boti ambamo niliandika tarehe, saa nilizotembea na lita nilizojaza, na niliamini kwamba kwa kufanya hivyo nilijua vizuri boti yangu inatumia mafuta kiasi gani. Nilichokijua kwa kweli ni lita kwa saa tu. Kipimo hicho humpotosha mwenye boti, kwa sababu anachohitaji si kukaa baharini kwa saa fulani bali kufika mahali fulani, na mahali hupimwa kwa umbali.

Kosa hilo nililitambua siku moja nikiwa na familia katika safari ya kwenda na kurudi, nikiwa na mafuta niliyoyahesabu kuwa yangetosha na kubaki. Wakati wa kurudi upepo uliongezeka, nikaona busara ni kupunguza mwendo kutoka noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, hadi noti 9 ili mafuta yatosheleze. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, iliinuka mpaka nikalazimika kusimama ili nione mbele, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikazama, na nyuma yetu likajengeka wimbi refu lililotufuata kama kilima. Niliendelea hivyo njia nzima nikidhani ninaokoa mafuta. Tulifika salama, lakini tangi lilikuwa limebaki na lita chache mno, na hofu niliyoipata nilipolipima ndiyo iliyonifanya nianze kujifunza jambo hili kwa bidii.

Boti yangu ni ya faibaglasi, ina urefu wa mita 6.5, na nyuma imefungwa mashine moja ya petroli yenye nguvu za farasi 115. Nilipofunga kipimo cha mtiririko wa mafuta na kusoma namba zake pamoja na mwendo wa GPS siku ya bahari tulivu, nilipata haya: kwa noti 5 boti ilitumia lita 3 kwa saa, yaani lita 0.6 kwa kila maili ya baharini. Kwa noti 9 ilitumia lita 14 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya lita 1.5 kwa maili. Kwa noti 20 ilitumia lita 22 kwa saa, yaani lita 1.1 kwa maili. Na kwa noti 28 ilitumia lita 38 kwa saa, yaani karibu lita 1.4 kwa maili. Mtu anayetazama lita kwa saa peke yake ataona kwamba noti 9 ni nafuu kuliko noti 20. Mtu anayegawanya kwa maili ataona kwamba siku ile, kwa kupunguza mwendo nusu ya njia tu, nilitumia mafuta mengi zaidi kwa takriban moja ya tano kuliko kama ningeendelea na mwendo wangu wa kwanza.

Sababu iko kwenye lile wimbi. Kila chombo cha mashine kinachopita juu ya maji hutengeneza mawimbi, na nguvu iliyomo katika mawimbi hayo imetoka mahali pamoja tu, kwenye tangi la mafuta. Wimbi la kilindini lina tabia isiyobadilika: urefu wake, kutoka kilele hadi kilele, hutegemea mwendo wake. Wimbi linalokwenda noti 4 lina urefu wa mita 2.7 hivi, la noti 6 lina mita 6.1, la noti 7 lina mita 8.3, na la noti 8 linakaribia mita 11. Kwa kuwa wimbi la boti hukwenda sawa na boti yenyewe, kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo vilele viwili vinavyoachana, mpaka hufika mahali ambapo kilele kimoja kiko chini ya omo na cha pili kiko chini ya tezi, na boti nzima imekaa katika bonde lililo katikati. Ukiongeza mwendo kupita hapo, kilele cha nyuma huiacha tezi, tezi huangukia bondeni, na tangu wakati huo mashine huwa inapandisha boti kilima ambacho boti yenyewe inakijenga bila kukoma.

Kikomo hicho hukadiriwa kwa hesabu nyepesi: chukua urefu wa boti pale inapogusana na maji, kwa mita, tafuta kipeuo cha pili chake (cha 9, kwa mfano, ni 3), kisha zidisha kwa 2.43. Boti yenye mita 9 majini hupata kikomo cha noti 7.3, na yenye mita 16 hupata noti 9.7. Hesabu hii ina mizizi katika kazi ya mhandisi Mwingereza William Froude, aliyeishi kuanzia 1810 hadi 1879, ambaye alivuta mifano midogo ya meli katika tangi refu la maji alilolijenga Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870, na kuonyesha kwamba mawimbi ya mfano mdogo na ya meli kubwa hufanana pale uwiano wa mwendo na kipeuo cha pili cha urefu unapokuwa sawa. Ninamheshimu sana mtu huyu, kwa sababu kabla yake wajenzi wa meli walibishana kuhusu umbo bora bila njia ya kuaminika ya kupima.

Kwa chombo kizito kinachosukuma maji pembeni badala ya kuteleza juu yake, yaani mashua nyingi za kazi, boti za uvuvi zenye dizeli na mashua za matanga zinapotumia mashine, mafunzo yake ni ya moja kwa moja. Hata kabla ya kukifikia kikomo, nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo, na mafuta kwa maili hupanda takriban kwa mraba wake; ukikaribia kikomo hali huwa mbaya zaidi ya hapo. Chukua safari ya maili 12. Kwa noti 7 itachukua saa 1 na dakika 43, na kwa noti 6 itachukua saa 2 kamili. Kwa kukubali dakika hizo 17 utaokoa angalau robo ya mafuta ya safari nzima, na kama noti 7 ndicho kikomo cha chombo chako, utaokoa zaidi ya hiyo robo. Sijui kifaa chochote kinachouzwa dukani kinachoweza kuokoa robo ya mafuta, ilhali hapa hakuna kinachonunuliwa. Bei ya mafuta ilipopanda sana mwaka 2008, kampuni kubwa za meli za makontena ziliamua kupunguza mwendo wa meli zao kwa sababu hiyo hiyo, na wao wana wahandisi wanaolipwa kuhesabu.

Boti nyepesi kama yangu, ambayo sehemu yake ya chini kuelekea tezi ni pana na bapa, ina njia ya pili. Ikipewa nguvu ya kutosha hukipanda kile kilima, hukishuka upande wa pili, na kuanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyasukuma. Ikishateleza, sehemu kubwa ya mwili wake imetoka majini na wimbi la nyuma linakuwa la chini kuliko lile la kilimani. Hivyo boti ya aina hii ina mahali pawili pa nafuu: chini kabisa, chini ya kikomo, na juu, baada tu ya kuanza kuteleza vizuri. Katikati ya sehemu hizo ndipo mafuta yanapoteketea. Kwa boti yangu eneo baya ni kati ya noti 7 na noti 13, na sasa siingii humo isipokuwa kwa kupita haraka. Bahari ikichafuka kiasi kwamba siwezi kuteleza, ninashuka hadi noti 5 na kuvumilia. Uvumilivu huo ni mgumu, nakiri, hasa abiria wanapoanza kuuliza kama kuna hitilafu.

Huhitaji kipimo chochote ili kulitambua eneo hilo. Geuka nyuma utazame. Ukiona maji yanaondoka tezini kwa utulivu, uko chini ya kikomo. Ukiona tezi imechimba shimo na wimbi kubwa linaviringika karibu na wewe, uko mahali pa hasara. Ukiona maji yanakatika kwa usafi kwenye ukingo wa nyuma na povu limenyooka na kuwa refu, boti inateleza. Tangu nilipojifunza kutazama nyuma namna hii, naweza kukadiria matumizi ya boti za wenzangu nikiwa nimesimama ufukweni.

Kupanda kilima hicho upesi kunategemea namna boti ilivyolala majini. Mashine ya nje ina pembe inayoweza kubadilishwa: ukiivuta ndani karibu na boti, omo hushuka, ukiisukuma nje, omo huinuka. Kwa kuanza, ivute ndani kabisa, hamishia watu na mizigo mbele kidogo, na toa nguvu ya kutosha boti ipande bila kusitasita. Ikishateleza, punguza nguvu, kisha isukume mashine nje kidogo kidogo huku ukiutazama mwendo kwenye GPS bila kugusa mkono wa mafuta. Utaona mwendo unaongezeka noti moja, labda mbili, kwa mafuta yale yale, kwa kuwa eneo linalosugua maji limepungua. Ukizidisha, omo itaanza kupanda na kushuka kama pomboo, au rafadha, yaani kile chenye mabapa kinachozunguka majini na kuisukuma boti, itavuta hewa na mizunguko ya mashine kuruka ghafla ilhali mwendo hauongezeki. Rudi ndani kidogo kutoka hapo. Mabapa ya kusawazisha yanayofungwa kwenye ukingo wa tezi hufanya kazi ya kuishusha omo vizuri zaidi, na huiruhusu boti kuendelea kuteleza kwa mwendo mdogo zaidi, jambo ambalo lina faida kubwa siku ya mawimbi, lakini yakiachwa chini bila sababu hugeuka breki.

Sehemu iliyo nafuu zaidi ya kuteleza haiko mbali na pale kuteleza kunapoanzia. Kwa mashine nyingi za petroli ambazo ukomo wake ni mizunguko 6,000 kwa dakika, mara nyingi utaikuta kati ya 3,500 na 4,200. Kutoka hapo kwenda juu, kila noti unayoiongeza inagharimu zaidi kuliko iliyotangulia. Kanuni ya rafadha inasema nguvu inayofyonzwa hupanda takriban kwa mchemraba wa mizunguko, hivyo kwa asilimia 80 ya mizunguko ya juu kabisa rafadha inadai karibu nusu tu ya nguvu yote, na kwa asilimia 90 inadai karibu robo tatu. Kwa makadirio ya haraka, mashine ya petroli inayotoa nguvu za farasi 100 kwa ukamilifu hutumia lita 31 hivi kwa saa, na ya dizeli lita 21 hivi. Ile sehemu ya mwisho ya mkono wa mafuta ndiyo ghali kuliko zote.

Kila boti ina namba zake, na zangu hazitakufaa wewe. Njia ya kuzipata ni kuchagua siku ya bahari tulivu, kuweka mzigo wako wa kawaida, kisha kutembea kwa mizunguko 1,000, halafu 1,500, halafu 2,000, ukipanda hivyo hadi juu, na katika kila hatua kusubiri mwendo utulie kabla ya kuandika. Kila hatua ifanywe kwenda na kurudi kwa mstari ule ule, kisha uchukue wastani wa mwendo wa pande mbili, ili mkondo ufutike. Asiye na kipimo cha mtiririko anaweza kutumia tangi la kubebeka na mizani: petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74 kwa lita, kwa hiyo tangi likipungua kilo 7.4 umetumia lita 10. Mizani haitakupa namba ya kila hatua kwa siku moja, lakini hatua tatu zilizopimwa vizuri zinatosha kubadilisha tabia ya mtu. Gawanya lita kwa saa kwa noti, nawe utapata lita kwa maili. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari.

Baada ya mwendo, jambo lililonipa mafunzo mengi ni rafadha, na hapa nililipia kosa langu. Rafadha hutajwa kwa namba mbili: kipenyo chake, na hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia kwenye mbao kama skrubu. Niliwaza kwamba rafadha yenye hatua kubwa itaisogeza boti mbali zaidi kwa kila mzunguko, mashine itazunguka polepole, na mafuta yatapungua. Nikanunua iliyozidi ya kwanza kwa inchi 4. Mashine ikawa inalemewa kama gari linalopanda mlima kwa gia kubwa, boti ikachelewa kupanda na kuanza kuteleza, na muda niliokuwa napoteza katika lile eneo baya la katikati ukaongezeka. Matumizi yangu kwa maili yalipanda, na laiti ningeendelea, ningeiharibu mashine kabisa.

Kipimo sahihi ni hiki: ukiwa na mzigo wako wa kawaida na mkono wa mafuta umefika mwisho, mashine inapaswa kufikia mizunguko ambayo mtengenezaji ameiandika kwenye kitabu chake, kwa mfano kati ya 5,000 na 6,000. Isipofika, hatua ya rafadha ni kubwa mno. Ikipita, ni ndogo mno. Kila inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko kwa takriban 150 hadi 200, kwa hiyo ukijua umepungukiwa kwa kiasi gani unajua pia uende inchi ngapi. Mwenye boti inayobeba mizigo mizito kwenda na kurudi tupu anaweza kulazimika kuwa na rafadha mbili, na gharama ya ya pili hurudi.

Ipo pia hesabu ya utelezi, yaani kiasi ambacho mwendo halisi wa boti unapungua kuliko ule ambao hatua ya rafadha ingeutoa, inayoonyesha afya ya rafadha. Tuseme hatua ni inchi 17, gia inapunguza mizunguko kwa 2 kwa 1, na mashine inazunguka 5,000. Rafadha inazunguka 2,500, hivyo ingekuwa kwenye kitu kigumu ingekwenda takriban noti 35. Ikiwa GPS inaonyesha noti 30, utelezi ni asilimia 14, na kwa boti inayoteleza hali hiyo ni nzuri. Ukifanya hesabu hiyo hiyo baada ya miezi sita ukakuta utelezi umefika asilimia 25, kuna jambo: bapa la rafadha limepinda, ukingo umemegeka kwenye jiwe, mashine imefungwa juu mno, au chini ya boti kumeota viumbe. Mmego mdogo unaoweza kuugusa kwa ukucha unatosha kuvuruga maji yanayopita juu ya bapa. Mimi hupitisha vidole kwenye kingo zote kila ninapoitoa boti majini, na rafadha iliyopinda huipeleka kwa fundi anayeweza kuipima, kwa sababu jicho haliwezi kuona tofauti ya milimita chache kati ya bapa moja na jingine.

Viumbe hao ni adui mkimya. Kwanza huja ute, utando mwembamba wa vijidudu na mwani unaoteleza mkononi, na watu wengi huupuuza kwa kuwa hauonekani mbaya. Kisha huja mwani mrefu, na mwisho wale wanyama wadogo wenye magamba magumu ambao hujigandisha kama saruji. Vipimo vilivyofanywa kwa meli kubwa vinaonyesha kwamba ute mzito peke yake unaweza kuongeza mahitaji ya nguvu kwa takriban asilimia 20, na magamba yaliyojaa yanaweza kuyaongeza kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa mwendo wa chini, ambapo wimbi ni dogo, sehemu kubwa ya ukinzani ni msuguano wa ngozi ya boti na maji, kwa hiyo anayekwenda polepole ili kuokoa mafuta huku boti yake ni chafu anajinyima mwenyewe faida aliyoitafuta.

Boti inayotolewa majini kila baada ya safari haihitaji zaidi ya kuoshwa. Inayolala majini inahitaji rangi ya kuzuia viumbe, na siku hizi nyingi kati ya hizo hutumia shaba. Zile za zamani zenye misombo ya bati aina ya TBT zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008, baada ya kuonekana zinavyodhuru chaza na konokono wa baharini. Ninaunga mkono marufuku hayo kwa moyo wote, hata kama maana yake ni kuzamia na kitambaa mara nyingi zaidi. Ute ukifutwa mapema kwa kitambaa laini hautoi rangi. Ukisubiri magamba, utakwangua rangi pamoja nayo. Usisahau kuisafisha rafadha yenyewe, ambayo kwa ukubwa wake mdogo inaathirika kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kuhusu uzito sina mengi ya kusema, ila boti inayoteleza huuhisi mno kuliko chombo kizito. Lita 200 za maji ni kilo 200, na kama ni maji ya ngama, yaani yale yaliyojikusanya chini bila kuonwa, hukimbilia tezini kila omo inapoinuka, nayo omo ikazidi kuinuka. Fua ngama kabla ya kuondoka. Toa nanga ya pili usiyoitumia, vipuri vya mashine uliyokwisha iuza, na kamba zilizolowa tangu mwaka jana. Mafuta yenyewe ni mzigo pia, lakini hapo sikubaliani na wanaosafiri na mafuta ya kupimia: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba ni kanuni ambayo siivunji kwa ajili ya kuokoa lita mbili.

Mashine yenye afya ni suala la ratiba ya kawaida ya matengenezo, na kitabu chake kinaeleza vizuri kuliko mimi. Nitataja mambo machache ambayo watu huyasahau. Thamostati iliyokwama wazi huifanya mashine ifanye kazi ikiwa baridi, na mashine baridi huchoma mafuta mengi bila kulalamika. Plagi zilizochakaa na nozeli zilizoziba huonekana kwanza kwenye daftari la lita kwa maili, wiki kadhaa kabla hujasikia mabadiliko ya sauti. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta ambayo hayajaungua, na chanzo chake mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au rafadha inayoilemea mashine. Zile mashine za kizamani za petroli zinazochanganywa oili na kutumia kabureta hupoteza takriban robo ya mafuta yake kupitia bomba la moshi bila kuyachoma, na kwa mtu anayesafiri kila siku kubadili mashine ya namna hiyo kuna maana. Kwa mtu anayetoka mara mbili kwa mwezi, kupunguza mwendo na kusafisha boti kutampa mengi zaidi kwa gharama ndogo. Wenye mashine mbili za nje wanaweza kwenda polepole kwa moja na kuinyanyua nyingine itoke majini, ingawa kama rafadha zinazungushwa na mhimili uliopita chini ya boti, ni lazima kwanza kusoma kama gia inaruhusiwa kuzungushwa na maji mashine ikiwa imezimwa. Na sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, zinazoahidi kuyapanga mafuta ili yaungue vizuri, zisikuchukulie fedha zako.

Jambo la mwisho ni maji yenyewe yanayotembea. Kwenye bahari yenye kujaa na kupwa, mkondo hugeuka takriban kila baada ya saa 6 na dakika 12, na wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, huwa na nguvu kuliko wakati wa maji mafu, siku za maji madogo. Tazama chombo kinachokwenda noti 6 na kutumia lita 5 kwa saa katika safari ya maili 12. Mkondo wa noti 2 ukiwa nyuma yake, atafika kwa saa moja na nusu na kutumia lita 7.5. Mkondo huo huo ukiwa mbele, atatumia saa 3 na lita 15, yaani maradufu. Wala kwenda nao na kurudi dhidi yake hakusawazishi hesabu: jumla ni lita 22.5, wakati katika maji yaliyotulia ingekuwa lita 20. Anayeweza kupanga saa ya kuondoka ili aende na maji yanayopwa na kurudi na yanayojaa, hutumia lita 15 kwa safari yote. Nahodha wa matanga hufanya hivyo bila kuambiwa. Sisi wenye mashine tumeacha kutazama majedwali ya maji kwa sababu tuna nguvu ya kushindana nayo. Upepo ukivuma kinyume na mkondo unaokusaidia, maji husimama na kuwa mafupi na makali, hapo ni afadhali kusubiri saa moja kuliko kupigwa njia nzima.

Nyooka pia. Nahodha anayeyumba nyuzi 20 kulia na kushoto huongeza karibu asilimia 6 ya umbali, na kila mgeuko wa usukani una breki yake.

Sasa karibu na mkono wa mafuta nimebandika kipande cha utepe mweupe chenye vipimo vitatu vilivyoandikwa kwa wino usiofutika na maji: noti 5, lita 0.6, noti 20, lita 1.1, na utelezi wa rafadha siku ilipokuwa safi na mpya, asilimia 13. Kila miezi mitatu narudia vipimo hivyo vitatu kwenye mstari ule ule wa maji, na namba ikitofautiana na ya kwenye utepe, navaa miwani ya kuzamia na kwenda chini kutazama.